Fiksi ya GPS inagoma usiku, video zinasema ngao ya dunia inakufa: jibu kwa mpima ardhi

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpima ardhi, niko kwenye mradi wa barabara huku Dodoma, tunapiga kazi mpaka saa nne usiku maana mkataba unabana. Kuna misimu GPS zetu zikifika kama saa mbili usiku zinaanza vituko, fiksi (kipimo cha uhakika) inapotea inarudi floti (kipimo cha kukadiria), ikirudi pointi ileile inasoma tofauti. Mchana hamna shida kubwa. Mwenzangu kanionyesha video kwamba ngao ya sumaku ya dunia inakufa, upepo wa jua unapenya, na eti Mirihi ilikufa hivohivo, hewa yote ikapeperushwa. Ushahidi wao ni Mei 2024, dhoruba ya jua ilipiga na intaneti ya Afrika Mashariki ikakatika wikendi ileile. Juu ya hapo kwenye grupu la ukoo kuna meseji ya kuzima simu usiku eti miale ya anga inapita karibu na dunia. Ningecheka tu, ila mama yangu ana miaka 71 na mwaka jana aliwekewa pesimeka, kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, sasa anaogopa hata kutoka nje. Je ngao inakufa kweli? GPS yangu ndo dalili yenyewe? Na mama nimwambieje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na mama maana huyo hawezi kusubiri fizikia. Mwambie atoke nje, aende kanisani au msikitini, aende sokoni, jua halina ugomvi na pesimeka yake. Hesabu yake ni hii. Uga wa sumaku wa dunia hapo mlipo ni kama nanotesla 30,000 hivi, hicho ni kipimo kidogo tu usikiogope jina. Dhoruba kubwa kabisa ya Mei 2024 ilipunguza uga huo, kwa maeneo ya huku katikati ya dunia, kwa nanotesla 400 na kidogo. Sasa ile sumaku ya kubandika kwenye friji, ukiigusa, ni nanotesla milioni kadhaa. Na pesimeka huanza kubadili tabia ikikaribiwa na sumaku ya kuanzia kama nanotesla milioni moja. Yaani dhoruba kubwa ya miaka ishirini ni ndogo mara elfu mbili na zaidi kuliko kinachoweza kuisumbua. Kinachostahili tahadhari ni vitu vya nyumbani: spika kubwa, simu kuwekwa mfuko wa kifuani upande ule wa kifaa, zile chaja za kunasa kwa sumaku. Simu akae nayo mbali na kifua walau sentimita 15, basi. Ila akisikia kizunguzungu, akizimia hata sekunde mbili, moyo ukienda mbio bila sababu, au pale kilipowekwa kifaa pakivimba au pakawa pekundu, mpeleke kliniki iliyomwekea siku hiyohiyo, usikae kuangalia habari za jua. Hayo yana sababu za mwilini na wao wana mashine ya kuisoma pesimeka ilifanya nini, mimi na wewe hatuna.

Na ile meseji ya kuzima simu, mi nimeipata zaidi ya mara kumi, mwaka mmoja inasema miale inatoka Mirihi, mwaka mwingine inasema ni usiku wa leo, tarehe haina. Miale ya anga inapita kila sekunde tangu dunia iwepo, wakati unasoma sentensi hii imeshapita mwilini mwako, na simu haiivuti kwa namna yoyote. Tuachane nayo.

Sasa tuje kwenye ngao. Hilo neno lenyewe ndo linaleta taabu, maana ukisema ngao mtu anaona kitu kigumu kama sahani, na sahani ikipasuka umekwisha. Uga wa sumaku sio sahani. Ngoja nikueleze taratibu, maana ukielewa hapa hizo video zitakuwa zinakuchekesha.

Jua halitoi mwanga tu. Tabaka lake la juu, ile korona, lina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, na gesi ya moto kiasi hicho haikamatiki hata na mvutano wa jua lenyewe, inatoroka muda wote kwenda kila upande. Mmarekani Eugene Parker ndo alipiga hesabu hiyo 1958, na wakaguzi wa jarida waliikataa makala yake, ikabidi mhariri, Chandrasekhar, aipitishe kwa mamlaka yake maana hakuona kosa kwenye hesabu. Miaka minne tu baadaye chombo Mariner 2 kikiwa njiani kwenda Zuhura kikaupima upepo huo muda wote wa safari, haukukatika. Mzee Parker alibahatika, 2018 aliona kwa macho yake chombo chenye jina lake kikirushwa kwenda kulisogelea jua, na Desemba 2024 chombo hicho kikapita kilomita milioni 6 hivi kutoka kwenye uso wa jua, yeye akiwa ameshafariki.

Upepo wenyewe ni protoni na elektroni zilizoachana, tunaita plazma, na unakimbia kilomita 300 mpaka 800 kwa sekunde. Kwa hiyo ukitoka kwenye jua leo unatufikia baada ya siku tatu nne. Ila ni mwepesi mno. Kwenye kijiko cha chai cha upepo huo kuna chembe kama 25 tu, wakati kijiko hichohicho cha hewa ya Dodoma kina molekuli nyingi kiasi kwamba tarakimu zake 21 zitakuchosha kuziandika. Yaani mkono wako ukiutoa nje ya chombo cha angani hautasikia upepo wowote (utasikia mengine, na hautayasikia kwa muda mrefu).

Sasa upepo huu ukifika kwenye uga wa dunia unafanya nini? Chembe yenye chaji ikiingia kwenye uga wa sumaku haizuiwi kama mtu aliyegonga ukuta, inasukumwa pembeni, na ikiendelea kusukumwa pembeni inajikuta inazunguka duara. Kule kwenye mpaka, pale upepo unapokutana na uga, protoni inageuka kwenye duara la nusukipenyo cha kilomita kama 70, karibu umbali wa Dar mpaka Bagamoyo, afu inarudi ilikotoka. Elektroni inageuka upande wa pili. Sasa hizi zikienda kulia na zile kushoto, na chaji zao ni kinyume, hapo hapo umepata mkondo wa umeme unaotandaa angani mpakani pale. Na mkondo wa umeme nao una uga wake wa sumaku, ambao upande wa nje unaufuta uga wa dunia na upande wa ndani unauongeza mara mbili. Kwa hiyo mpaka unajijenga wenyewe, na kinachoujenga ni upepo uleule unaodaiwa unaubomoa! Upepo ukisukuma zaidi, mkondo unaongezeka, uga wa ndani unabanwa na kuwa mkali zaidi, unasukuma nyuma, mpaka nguvu zinalingana mahali. Siku ya kawaida mahali hapo ni kama kilomita 64,000 kutoka kitovu cha dunia upande wa mchana. Ni kama godoro, au niseme mpira wa gari, unabonyea unarudi. Godoro halivunjiki kwa sababu mtu mnene kakaa.

Mbele ya mpaka huo kuna kitu kingine, kwa sababu upepo unakuja kasi kuliko mawimbi yake yenyewe, hivyo hauna taarifa kwamba mbele kuna kizuizi. Ushawahi kukaa ufukweni ukaangalia jahazi linakuja kwa tanga kamili, lile wimbi linalosimama mbele ya omo linasafiri nalo? Ndo hilohilo, ila hapa jahazi limetulia na bahari ndo inakuja. Pale upepo unapunguzwa kasi, unapashwa moto, afu unapita pembeni mwa dunia. Nyuma, upande wa usiku, uga unavutwa na kuwa mkia mrefu unaopita mbali kuliko mwezi, na kila mwezi mpevu ukifika mwezi wetu unaupita mkia huo siku kadhaa. Eneo lote hili ndo magnetosfia.

Mpaka hapo inaonekana ni ngao safi kabisa. Sasa sikiliza sehemu ambayo video hazisemi.

Upepo wa jua unabeba uga wake wa sumaku, mdogo, nanotesla 5 hivi siku za kawaida, uliochomolewa kwenye jua. Na uga huo una mwelekeo. Watu wa pwani wanajua kaskazi na kusi, majira ya kaskazi bahari inakupa nafasi, ya kusi inachafuka. Huku angani nako ni hivo, ila sio msimu, inaweza kugeuka ndani ya dakika. Uga wa dunia pale mpakani upande wa mchana umeelekea kaskazini. Uga wa upepo ukija nao umeelekea kaskazini, mambo mawili yanafanana yanasukumana, mlango umefungwa zaidi. Ukija umeelekea kusini, mistari ya pande mbili inapokutana imegeukiana inakatika na kuungana upya, mguu mmoja wa mstari uko ardhini kwetu mwingine uko kwenye upepo wa jua. James Dungey, Mwingereza, alieleza hili 1961. Hapo upepo unaikokota mistari hiyo kuipeleka nyuma kwenye mkia, inarundikana, inavutika kama manati, mpaka siku inakatika kule nyuma na kurusha chembe kurudi duniani. Zinazoteremka karibu na ncha za dunia zinagonga hewa inawaka, ndo ile aurora ya kijani na nyekundu. Nyingine zinaizunguka dunia juu ya ikweta na kutengeneza mkondo mkubwa kama pete, na mkondo huo ndo unapunguza uga wa huku kwetu kwa zile nanotesla 400 nilizotaja. Kipimo hicho kinatoka kwenye vituo vinne duniani, kimojawapo kiko Hermanus, Afrika Kusini.

Kwa hiyo unaona? Uga wa sumaku unakinga, na huohuo ndo unaokusanya nguvu ya upepo na kuishusha ndani. Sayari isiyo na uga haina dhoruba za sumaku za namna hii. Ni kama tanga, linakupa faida na siku nyingine linakupindua.

Mei 2024 ilitokea hivi. Kundi moja la madoa kwenye jua lilirusha mawingu kadhaa ya plazma mfululizo, ya nyuma yakayakuta ya mbele njiani, yakatufikia pamoja Ijumaa tarehe 10 kama saa mbili usiku saa zetu. Uga wake ulikuwa mkali na kwa masaa mengi ulielekea kusini. Mpaka ule wa kilomita 64,000 ukabonyezwa mpaka ndani ya njia ya satelaiti za televisheni, zilizoko kilomita 36,000 juu yetu. Aurora ikaonekana mpaka Mexico. Wakulima wa Marekani waliokuwa wanapanda mahindi kwa trekta za GPS wakasimama katikati ya shamba. Ilikuwa dhoruba ya kwanza ya daraja la juu kabisa tangu 2003. Afu siku chache baadaye mpira ukarudi ulipokuwa, mpaka uko palepale.

Intaneti yetu ilikatika Jumapili tarehe 12, hiyo ni kweli, nami niliathirika, niliacha kazi nikaenda kulala. Ila kilichotokea ni kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, kuharibika kwenye pwani ya Afrika Kusini, zikaenda kutengenezwa na meli kama kebo nyingine yoyote. Kebo za nyuzi za kioo zinabeba mwanga, na sumaku haiugeuzi mwanga huo. Mambo mawili yalikutana wikendi moja, binadamu tukayaoza. Ingekuwa dhoruba ndo imekata, wa kwanza kuzimika wangekuwa Kanada na Skandinavia walio karibu na ncha, sio sisi. Huko kweli ina historia: Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ndani ya sekunde kama tisini, watu milioni sita wakakaa gizani masaa tisa, maana uga ukitikisika haraka unachochea mikondo ardhini inayopanda kwenye nyaya ndefu za umeme.

Sasa Mirihi. Video inasema hana uga, akapeperushwa hewa, na sisi tunafuata. Kuna ukweli ndani yake uliokatwa nusu. Mirihi alikuwa na uga, miamba ya kusini mwake bado ina sumaku iliyoganda humo, chombo Mars Global Surveyor kiliichora ramani. Mtambo wake wa ndani ulizimika kama miaka bilioni 4 iliyopita. Na kweli upepo wa jua unamnyang'anya hewa, chombo MAVEN kilipima kama gramu 100 kila sekunde, yaani mfuko wa sukari wa kilo moja kila sekunde kumi, na jua lilipokuwa changa na kali ilikuwa zaidi. Lakini muulize mwenye video: Zuhura je? Zuhura yuko karibu na jua kuliko sisi, upepo unampiga kwa nguvu zaidi, hana uga wa sumaku wake kabisa, na hewa yake ina mgandamizo mara tisini na kitu kuliko yetu! Hiyo haitakiwi iwepo kama kanuni ni "bila sumaku hakuna hewa".

Kinachotokea Zuhura ni kwamba mwanga mkali wa jua unachana molekuli za juu ya hewa yake zinakuwa na chaji, na gesi yenye chaji inapitisha umeme. Upepo ukija na uga wake, mikondo inazuka kwenye gesi hiyo na kuukataa uga usiingie, mistari inajikunja juu ya sayari kama kanga iliyotupiwa kichwani, upepo unapita pembeni. Ngao ya kuazima. Inavuja, haidrojeni imetoroka sana ndo maana Zuhura kakauka, ila hewa nzito imebaki. Kilichommaliza Mirihi zaidi ni udogo wake, mvutano wake ni asilimia 38 tu ya wetu, chembe ikisukumwa kidogo imeshaondoka.

Na dunia, pamoja na uga wote huu, inavuja pia, kupitia kwenye ncha ambako mistari imefunguka. Makadirio ni kama tani 90 kwa siku. Inatisha mpaka upige hesabu: hewa yote ya dunia ni kama tani milioni bilioni 5, kwa kasi hiyo utahitaji zaidi ya miaka bilioni 100, na dunia yenyewe ina bilioni nne na nusu. Wataalamu leo wanabishana kwa dhati kabisa kama uga wa sumaku kwa jumla unaokoa hewa au unaongeza mianya ya kuvujia, maana ukilinganisha sayari hizi tatu viwango vya kuvuja havipishani kama ulivyofundishwa shule. Mimi niko upande wa wanaoona sifa ya uga kwenye suala la hewa imekuzwa, ila hapo ni maoni yangu.

Sayari nyingine nikupitishe haraka tu. Utaridi ana uga wa asilimia moja hivi ya wetu, upepo ukikaza unamfikia karibu usoni. Mshtarii ndo baba lao, mkia wake wa sumaku unafika kwenye njia ya Zohali, na ungeonekana kwa macho magnetosfia yake ingekuwa kubwa angani kuliko mwezi mpevu ingawa yuko mbali vile, tena inalishwa zaidi na volkano za mwezi wake Io, tani kama moja kila sekunde, kuliko na upepo wa jua. Uranus uga wake umelala nyuzi 59 kutoka kwenye mhimili wake, kwa hiyo mlango wake kwa upepo unafunguka na kufungika kila anapozunguka, kichekesho cha aina yake, na chombo kimempitia mara moja tu, Voyager 2 mwaka 1986.

Turudi kwa swali lako, ngao inakufa? Uga wa dunia unatengenezwa na chuma kilichoyeyuka kinachotembea kuanzia kilomita 2,900 chini ya miguu yako. Kitu kinachochemka hakitulii. Ni kweli umepungua kama asilimia 9 kwa miaka mia mbili hivi, na kuna eneo la Amerika Kusini na bahari ya Atlantiki ya kusini ambako ni dhaifu zaidi, satelaiti zikipita hapo vyombo vingine vinazimwa kwa muda. Lakini kupanda na kushuka ni tabia yake. Unajua ushahidi mmoja mzuri umetoka kwa wazee wetu? Bonde la Limpopo, kati ya mwaka 1000 na 1600 hivi, wakulima walikuwa wakichoma vibanda na maghala ya nafaka kwenye matambiko, udongo wa sakafu ukiungua unapopoa chembe za chuma zinakariri uga wa siku ile. Watafiti walipopima vipande hivyo wakakuta uga wa kusini mwa Afrika ulishawahi kushuka kwa kasi zamani hizo, ukapona. Kugeuka kabisa, kaskazini kuwa kusini, mara ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita, na huwa linachukua maelfu ya miaka. Miaka 41,000 iliyopita uga ulishuka mpaka chini ya sehemu moja ya kumi, binadamu kama wewe walikuwepo, na wakatuzaa. Kinachokukinga na mionzi ukiwa ardhini kwa sehemu kubwa ni hewa iliyo juu yako, kila sentimita moja ya mraba ina kilo moja ya hewa juu yake mpaka angani. Hiyo ndo ngao nzito.

Sasa GPS. Hapa ndo nina neno la kukushangaza: nikisoma maelezo yako nadhani dhoruba sio mtuhumiwa mkuu, na kama ngao ingekuwa inapenyeka ungesumbuka masaa yote sio saa mbili usiku. Mtuhumiwa wangu ni ionosfia ya ikweta, yaani tabaka la juu la hewa lenye chaji, kitu ambacho wapima wa Ulaya hawakifahamu vizuri na mabuku ya risiva (vipokezi vya GPS) mengi yameandikiwa wao.

Ikweta ya sumaku sio ile ya ramani, kwa Afrika Mashariki inapita Ethiopia. Pale mistari ya uga imelala sawasawa na ardhi, kutoka kusini kwenda kaskazini. Mchana, umeme wa angani unaisukuma plazma ya ionosfia kupanda juu pale, mamia ya kilomita, afu inateleza kufuata mistari ya sumaku kushuka pande mbili, kama chemchemi. Upande wa kusini inamwagika wapi? Juu ya Tanzania. Kwa hiyo wewe uko chini ya sehemu yenye plazma nzito kuliko karibu popote duniani. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia inapungua haraka, ya juu inabaki nzito. Nzito juu, nyepesi chini, sawa na umwage maji juu ya mafuta ya kula, ya chini yatapanda kwa mapovu. Na mapovu hayo yanapanda kweli, marefu yamefuata mistari ya uga kutoka Ethiopia mpaka kwako, kuanzia kama saa moja na nusu usiku mpaka kwenye saa sita. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanametameta kama nyota, risiva inapoteza hesabu ya mizunguko ya wimbi, na fiksi ndo hiyo hesabu. Ikipotea unarudi floti.

Mapovu yanazidi miezi ya Machi na Aprili, na Septemba na Oktoba, maana mstari wa machweo unakaa sambamba na mistari ya sumaku, na yanazidi miaka ambayo jua limechachamaa, kama 2023 na 2024. Dhoruba nazo zinaingia humo kwa ukigeugeu, nyingine zinayachochea mapovu, nyingine zinayazuia kabisa, usiku wa dhoruba unaweza kupata fiksi safi kuliko usiku wa amani. Kwa hiyo programu za kutabiri dhoruba zitakusaidia kidogo sana kwa tatizo lako.

Ufanyeje? Pointi za kontroli zipimwe asubuhi, kuanzia saa moja mpaka saa nne, ionosfia ikiwa haijachemka. Besi (risiva inayosimama pointi inayojulikana) iwe karibu na rova (ile unayotembea nayo), kilomita tano ni bora kuliko ishirini, kwa sababu zote mbili zinakuwa zinatazama anga moja na makosa yanafutana. Washa satelaiti zote ambazo risiva yako inaruhusu, za Marekani, Urusi, Ulaya na China, povu likimeza nne zinabaki kumi. Rekodi data ghafi kila kikao ukaprosesi ofisini. Na kazi ya usiku isiyoahirishika, tumia total station, kile chombo cha kupimia pembe na umbali kwa mwanga, hiyo haijui habari za ionosfia. Mi ningekuwa wewe nisingeamini pointi yoyote ya usiku iliyopimwa mara moja, rudia baada ya nusu saa, zikipishana usiandike wastani, tupa zote mbili.

Ila sijaona risiva yako kwa hiyo usichukue maneno yangu kama hukumu. Fanya hivi wiki mbili: kila fiksi ikigoma andika saa, na satelaiti ngapi zilikuwepo. Zikirundikana kati ya saa moja na nusu na saa sita usiku, na upande mmoja wa anga ukizimika wakati mwingine uko safi, ni ionosfia. Zikitokea hata saa tano asubuhi, au kila lile jenereta la kambi likiwaka, au kila ukisogea karibu na mnara, au rova moja tu ndo inasumbua na nyingine ziko poa, basi ni redio, waya wa antena au mwingiliano wa mawimbi, ipeleke kwa aliyekuuzia aifungue mbele yako, na uende na hayo maandishi yako maana bila hayo atakwambia ni dhoruba ya jua.